200Tdi kwenye Land Rover Series III: injini inaingia yenyewe, kazi iko pembeni yake

Chesisi109
Wakuu, salaam. Swali la kufunga injini ya dizeli yenye turbo kwenye Landrova ya zamani linarudi kila mara ndani ya nyuzi za watu, linajibiwa nusunusu, kisha linazama. Naliwekea uzi wake. Gari tunayoizungumzia ni Series III, 88 na 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), usukani kulia. Mwenye Series IIA atajikuta humuhumu.

Kwa nini 200Tdi? Kwa sababu ni ndugu wa damu. Ile injini ya lita 2.25 iliyokuja na gari (cc 2,286) na 200Tdi ya cc 2,495, iliyotoka na Discovery mwaka 1989 kisha ikaingia kwenye Defender mwaka 1990, ni ukoo mmoja wa bloku. Maunti (vishikizo vya injini) za Series zinafungwa palepale kwenye bloku ya 200Tdi, na mgongo wake unakutana na gearbox ya Series. Huna sahani ya kati ya kuchonga wala maunti mpya ya kuchomelea kwenye chesisi. Petroli ya zamani ilikuwa na hospawa 70 hivi na Nm 160, dizeli yake hospawa 60 na kitu na Nm 140. 200Tdi ya Discovery inatoa hospawa 111, na Nm 265 kwenye mizunguko 1,800 tu. Halafu pampu yake ni Bosch VE, mitambo mitupu. Haina kompyuta. Solenoidi ya kuzimia ikipata umeme kwenye waya wake mmoja, injini inawaka.

Mnaponunua, msinunue injini iliyolazwa sakafuni peke yake. Chukueni na flaiwili pamoja na ganda lake, stata, alteneta, pampu ya vakyumu, rejeta na intakula (kipoza hewa ya turbo) pamoja na mabomba yake yote, tangi dogo la maji, boksi la filta ya hewa, kichwa cha filta ya dizeli na waya wa akseleta. Vitu hivi ukivitafuta kimoja kimoja Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, utashangaa vimepita bei ya injini.

Injini ikiwa bado iko kwenye gari lake, iwashe ya baridi. Fungua kifuniko cha oili: moshi mwepesi ni kawaida, lakini ikipuliza kwa mapigo, pete za pistoni zimekwisha. Fungua tangi dogo la maji wakati injini bado baridi na ukanyage akseleta kidogo. Mapovu yasiyoisha ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe, na hedi ya hii injini ni ya aluminiamu, haivumilii kuchemshwa mara mbili.

Pwani88
Shikamoo mzee Chesisi. Swali moja: Discovery au Defender? Muuzaji anasema zote ni 200Tdi, kitu kimoja.

Chesisi109
Marahaba kijana. Muuzaji hakudanganyi, ila hajakumalizia.

Bloku, krenki na hedi ni zilezile. Kinachotofautiana ni manifoldi na mahali turbo ilipokaa. Ya Defender imekaa juu, imesogea nyuma, na kwenye Series inaingia bila ugomvi. Ya Discovery inaning'inia chini ubavuni mwa bloku. Ukiishusha injini ndani ya Series, turbo na bomba lake la kutolea moshi vinakutana na boriti ya chesisi na bano la maunti. Wengi wanaligundua hilo injini ikiwa tayari inaning'inia kwenye mnyororo.

Njia ni tatu. Ya kwanza na bora ni kutafuta manifoldi za Defender, ya kuingiza hewa na ya moshi zote mbili, pamoja na turbo yake na bomba la kwanza la egzosi. Usichukue ya moshi peke yake. Ya pili ni kukata pembe ya boriti na kuirudishia bamba. Hii naiandika kwa sababu wapo wanaoifanya, lakini boriti za Series ni sanduku la chuma chembamba linalooza kwa ndani, na pale ndipo uzito wa injini unapokaa. Ukilazimika, bamba la kufunika lisipungue mm 3, lizunguke kona zote, na lichomelewe huku chesisi imebebwa sawasawa pande zote mbili. Ya tatu ni kuondoa turbo kabisa.

Njia_ya_Vumbi
Hiyo ya tatu isidharauliwe, wakuu. Anayebaki pwani, anayetaka gari la kubeba nazi na kwenda shamba, 200Tdi isiyo na turbo inamtosha. Ni tulivu, inakula kidogo, na gearbox ya Series hailalamiki. Lakini msitoe turbo mkaishia hapo. Juu ya pampu kuna kiwambo kinachosukumwa na upepo wa turbo, ndicho kinachoruhusu mafuta kuongezeka. Turbo ikitoka, kiwambo hakipati upepo, pampu inabaki kwenye kipimo chake cha chini. Inabidi mtu wa pampu aipange upya kwenye mashine yake. Na tundu la oili iliyokuwa inakwenda kwenye turbo lizibwe kwa plagi yenye uzi, si kwa kukunja bomba na kuligonga nyundo! Tundu la kurudishia oili kwenye bloku nalo lizibwe.

Wa bara asijaribu. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Arusha iko kwenye mita 1,400, Nairobi karibu 1,700. Fanyeni hesabu wenyewe.

Spana_Kumi_na_Saba
Mbona hamuitaji 300Tdi? Ndiyo iliyojaa sokoni. Ilikuja 1994, hospawa zilezile 111, Nm zilezile 265, na spea ni rahisi zaidi.

Chesisi109
Ni injini nzuri, sina ugomvi nayo. Ila kwenye Series inadai kazi zaidi: maunti zake haziko mahali pa zamani, kwa hiyo unachomelea mpya kwenye chesisi, na ganda la flaiwili linahitaji kutobolewa na kupigwa tapu (kukatwa uzi) kwa ajili ya stadi, yaani bolti zisizo na kichwa, za gearbox ya Series. Mwenye karakana yenye mashine ya kuchomelea na fundi anayejua kupima, sawa. Angalieni mambo mawili tu. 300Tdi za mwanzo zilikuwa na kasoro ya mkanda wa taimingi kukimbilia pembeni na kujila, kiwanda kikatoa seti ya puli za kurekebisha. Ukiinunua, fungua kava ya taimingi uone kama kuna vumbi la mpira. Pili, baadhi ya Discovery za otomatiki zina pampu inayoendeshwa kwa umeme. Ukiona pampu haina mkono wa waya wa akseleta, iache palepale.

DizeliTupu
Naomba niingie kwenye klachi, maana hapa ndipo pesa inapotea kimyakimya.

Kuna kibushi kidogo ndani ya kisigino cha krenki, kinachobeba mdomo wa shafti ya gearbox. Kile kilichomo kwenye 200Tdi ni cha gearbox yake ya asili, LT77. Mdomo wa shafti ya Series una kipenyo chake. Pimeni kwa venia vitu vitatu: mdomo wa shafti, tundu la krenki, na kina cha tundu. Kisha nunua bushi inayokubaliana navyo, au mpe mtu wa lathe aichonge kwa shaba ya bushi. Asichonge shaba nyekundu ya mabomba, hiyo laini, haifiki mbali. Bushi mpya ilale kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kugongwa.

Kuitoa ya zamani hakuhitaji chombo maalumu. Jaza tundu grisi mpaka juu, tafuta chuma cha mviringo kinachoingia kwa kubana ndani ya bushi, kigonge nyundo. Grisi haina pa kukimbilia, inaisukuma bushi kwa nyuma na kuitoa. Ikikwama katikati, ongeza grisi, rudia. Ukimaliza, safisha kila tone, maana grisi ikifika kwenye sahani ya klachi utaifungua tena.

Ukikosea bushi, dalili hazifanani na kosa lenyewe. Ikibana sana, klachi ukiikanyaga gari bado linataka kwenda, gia ya kwanza inalia. Utabadilisha silinda ya juu na ya chini ya klachi, utatoa hewa mara kumi, na tatizo litabaki. Ikilegea sana, utasikia mlio wa chuma ukikanyaga klachi, na beringi ya mbele ya gearbox itakufa kabla ya wakati wake.

Sahani ya klachi ivisheni kwa mkono kwenye shafti ya gearbox kabla ya kufunga chochote. Iteleze yote, mwanzo hadi mwisho wa meno. Sili ya nyuma ya krenki wekeni mpya sasa hivi wakati flaiwili imetoka, haina bei ya kukufanya uishushe gearbox mara ya pili. Ganda la flaiwili lilinganishwe na uso wa gearbox kwa kuvishwa juu yake: mahali ambapo Tdi ilikuwa na bolti, gearbox ya Series inataka stadi. Penye tundu lisilo na uzi, weka alama, toboa, piga tapu.

Pwani88
Na kuviunganisha? Mara nyingi naona mafundi wanavuta kwa bolti.

DizeliTupu
Hiyo acha kabisa. Weka gearbox gia ya nne. Sogeza injini mpaka meno ya shafti yaguse sahani, halafu mtu mmoja azungushe krenki kwa spana kwenye bolti ya puli, taratibu, huku mwingine anasukuma. Meno yakikutana injini inaingia yenyewe kwa kishindo kidogo. Ikisimama imebaki nafasi ya mm 10 hivi, shafti haijaingia kwenye bushi, au injini na gearbox haviko kwenye mstari mmoja. Pandisha au shusha jeki chini ya gearbox, usiguse bolti. Ukivuta kwa bolti, kitovu cha sahani kinapinda, au sikio la ganda linavunjika. Nyuso mbili zikutane kwa mkono, bolti kazi yake ni kushikilia.

Bi_Rejeta
Salamu kwenu. Naongeza maji, kwa sababu injini nyingi za namna hii haziuawi na kilometa, zinauawa na joto.

Rejeta ya Series ya petroli haitoshi kwa Tdi yenye turbo. Inaweza kukudanganya mjini, ila panda Kitonga na mzigo ndipo utaijua. Tumieni rejeta ya Discovery au Defender, ile inayokaa pamoja na intakula na kipoza oili. Ni pana kuliko nafasi ya Series, kwa hiyo paneli ya mbele inayoshika rejeta inakatwa, na rejeta inasogezwa mbele. Pimeni mara tatu. Kati ya feni na rejeta ibaki angalau mm 20, maana injini inacheza kwenye maunti zake, hasa kwenye barabara ya mawe. Pasipotosha, ondoa feni ya injini, weka feni ya umeme yenye kava lake la kuelekeza upepo, kwa relei na fyuzi yake.

Tangi dogo la maji ni lazima, na lazima liwe mahali pa juu kuliko sehemu yoyote ya maji kwenye injini. Likiwa chini ya nyumba ya thermostati, hewa inabaki juu kwenye hedi na hutaitoa milele. Wakati wa kujaza, fungua plagi ya juu ya nyumba ya thermostati na ile ya juu ya rejeta. Mimina taratibu mpaka maji yatoke kwenye plagi bila mapovu, funga ya rejeta, endelea, funga ya thermostati. Maji safi na kulanti nusu kwa nusu. Maji matupu ya bomba yanaila hedi ya aluminiamu kutoka ndani.

Na thermostati iwepo! Najua mazoea yetu, "huku joto, itoe tu." Kwenye hii injini kuna njia ya pembeni ya maji. Thermostati ikitoka, sehemu ya maji ya moto inazunguka kwenye njia hiyo bila kupita kwenye rejeta. Unaitoa ili upoze, unazidisha joto. Weka ya digrii 88 iliyo mpya, uijaribu kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto, uione inafunguka.

Geji ya Series haiwezi kusoma sensa ya Tdi bila kudanganya. Toeni sensa ya Series mkaivishe kwenye hedi kwa adapta, au nunueni geji na sensa yake vya jozi moja.

Waya_Mmoja
Umeme sasa. Kwenye gari la petroli, waya uliokuwa unakwenda kwenye koili ndio utakaopeleka solenoidi ya kuzimia kwenye pampu. Upimeni kwanza koili ikiwa bado imeunganishwa na platini zimefunga, swichi ikiwa ON: usome volti zilezile za betri. Ukisoma 7 au 8, njiani kuna rezista ya koili, itoe. Solenoidi yenye volti pungufu inafunguka leo, kesho inakataa, na mtu anaanza kulaumu pampu.

Hita plagi. Wenye Series ya dizeli, hapa mna mtego. Plagi za dizeli ya zamani zilifungwa kwa mfuatano, kila moja inapata volti mbili hivi, ya kwanza ikifa zote zimekufa. Plagi za 200Tdi ni za volti 12 kila moja, zinafungwa sambamba. Ukiziunganisha kwenye njia ya zamani yenye rezista, hazitapata moto. Njia rahisi: waya mnene wa mm² 10 kutoka betri, fyuzi, relei ya ampea 70, kitufe cha kubonyeza dashibodi. Sekunde 8 hadi 10 asubuhi ya baridi zinatosha. Msitumie swichi ya kuwasha na kusahau, plagi zitayeyuka ncha zidondokee kwenye pistoni.

Mwenye Series IIA ya zamani, hakikisha kama earth ya gari ni hasi. Za kabla ya 1967 hivi zilikuwa chanya, na alteneta ya Tdi ukiifunga hivyo, dayodi zinakufa palepale.

Waya wa earth kutoka injini kwenda chesisi uwe mpya na mnene. Injini iko juu ya maunti za mpira. Ukisahau earth, stata itavuta umeme kupitia waya wa akseleta, utaona moshi ukitoka kwenye pedali.

Mafuta: tangi la petroli lishushwe, lioshwe, likaushwe. Dizeli inang'oa uchafu wa miaka na kuupeleka kwenye filta. Petroli haikuwa na njia ya kurudi, Tdi inataka. Chomelea kipande cha bomba cha mm 8 juu ya tangi, mbali na bomba la kuvutia, ili mapovu yanayorudi yasivutwe tena. Tangi lililobeba petroli lisichomelewe kabla halijajazwa maji mpaka karibu na pale panapochomelewa. Kabla ya pampu wekeni kikombe cha kutenganisha maji.

Mlima_Usambara
Wakuu, difu. Gari likishafungwa Tdi linalia kwenye kilometa 80 kama cherehani. Kwa nini?

Chesisi109
Kwa sababu gearbox na difu vilipangwa kwa injini ya hospawa 70. Fuata hesabu. Difu ya Series ni 4.7, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye gia ndefu ni 1.148. Zidisha, unapata 5.40. Tairi ya 7.50R16 inatembea kama mita 2.5 kwa mzunguko. Kwenye mizunguko 3,000, gia ya nne, unakwenda kilometa 83 kwa saa. Ukiweka difu za 3.54, kama za Range Rover ya kwanza, Discovery au Defender, uwiano unakuwa 4.06, na mizunguko ileile inakupa kilometa 111. Ovadraivu (gia ya ziada ya kasi) ya Fairey yenye 0.782 ikibaki na difu za zamani inakupa kama 107, lakini ni adimu, na ikipigwa Nm 265 mlimani haina maisha.

Difu zibadilishwe zote mbili, mbele na nyuma. Ukiweka moja tu, siku utakapoingiza fo-wili ekseli mbili zitavutana na kitu cha kwanza kuvunjika kitakuwa ndani ya transfa. 88 zina ekseli za Rover pande zote, kwa hiyo difu ya 3.54 yenye meno 10 inaingia. Hesabu meno ya hafushafti, kwa sababu za miaka ya baadaye zina 24 na hazikubali. 109 nyingi za Series III zina ekseli ya aina ya Salisbury nyuma, ambayo haishirikiani na ya Rover kwa chochote. Hapo unatafuta 3.54 ya Salisbury ya Land Rover One Ten (110).

Unacholipa ni gia fupi. Kwenye lo, gia ya kwanza, uwiano ulikuwa kama 40 kwa 1, unashuka kuwa 30 na kitu. Wa matope na mashamba ya mteremko aifikirie hiyo. Wa lami asifikirie mara mbili.

Mlima_Usambara
Na spidomita?

Chesisi109
Umeuliza vizuri. Kebo yake inatoka kwenye transfa, kabla ya difu. Haijui kwamba umebadilisha. 4.7 gawanya kwa 3.54 ni 1.33, kwa hiyo ikikuonyesha 50 unakwenda 66. Trafiki mwenye tochi kwenye kibao cha 50 hatakuelewa ukimweleza mambo ya difu. Odometa nayo inapunja: kilometa 5,000 za kumwaga oili zilizoandikwa ni 6,640 za barabarani.

Handibreki iko nyuma ya transfa vilevile. Nguvu yake ilikuwa inazidishwa mara 4.7 kabla ya kufika kwenye gurudumu, sasa ni 3.54 tu, umepoteza robo. Gari lililokuwa linashika mlimani litateleza. Kaza, badilisha bitana, na ubebe gogo la kuwekea tairi.

Bujumbura_LHD
Huku kwetu magari ni usukani kushoto. Nina seti ya springi za mbele za Series ya dizeli, nzuri kabisa, ndugu yangu wa Kigoma anazitaka kwa ajili ya gari lake la Tdi. Zinafaa?

Njia_ya_Vumbi
Zinafaa, akizigeuza. Springi za mbele za Series hazilingani: ya upande wa dereva ni ngumu zaidi, kwa kuwa kuna dereva na usukani. Gari la usukani kushoto lina ngumu kushoto. Akizifunga kama zilivyotoka, gari la usukani kulia litainama upande wa dereva na atadhani chesisi imepinda. Abadilishane kushoto na kulia. Na afanye vizuri kuchukua za dizeli, kwa kuwa Tdi ni nzito kuliko petroli, springi za petroli zitalala.

Kwa usukani kulia kuna jambo jingine. Kabla hamjakata bomba la egzosi na hozi za intakula, rudisheni kwanza nguzo ya usukani, servo ya breki, na silinda za breki na klachi mahali pake, zikazwe. Wengi wanatengeneza mabomba kukiwa wazi kabisa, kisha usukani unaporudi unakuta bomba jekundu la moto liko kidole kimoja na hozi ya klachi. Kati ya chuma cha moto na kitu chochote cha mpira iwe mm 50 au zaidi, na pasipowezekana pawe na bati la kukinga lenye hewa pande zote. Michoro mingi ya mtandaoni ni ya magari ya usukani kushoto, muiangalie kwa jicho hilo.

Breki: servo ya petroli ilivuta vakyumu kwenye manifoldi. Dizeli haina vakyumu hapo. Unganisha hozi ya servo kwenye pampu ya vakyumu ya Tdi, na vali ya njia moja ibaki. Asiye na servo aitafute, maana gari litakwenda kasi ambayo ngoma zake hazikuwahi kuiota. Za 88 ni inchi 10. Kwa 109, ngoma za mbele za gari la silinda 6 zina upana wa inchi 3 dhidi ya 2.25 za silinda 4, kipenyo kilekile cha inchi 11.

Pwani88
Siku ya kuwasha, mnaanzaje?

DizeliTupu
Mkanda wa taimingi uwe mpya, pamoja na puli ya kukazia. Krenki inafungwa kwa pini inayoingia kwenye ganda la flaiwili, pampu kwa pini ya mm 9.5. Huna pini? Mkia wa biti ya drili ya mm 9.5 unafanya kazi hiyo. Pini zote zitoke kabla hujagusa stata. Baada ya kufunga zungusha krenki kwa spana raundi mbili kamili, urudishe pini uone kama zinaingia. Zikikataa, rudia.

Chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia. Jaza oili. Kwenye turbo, toa bomba la oili la juu, mimina oili kidogo, zungusha gurudumu lake kwa kidole, rudisha bomba. Piga stata kwa vipindi vya sekunde 10 mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe waya wa solenoidi. Pampu mafuta kwa mkono wa pampu ndogo huku skrubu ya hewa kwenye filta iko wazi, mpaka dizeli itoke bila povu. Legeza nati mbili za mabomba ya nozeli, piga stata, dizeli ikichuruzika kaza. Ikiwaka, usiiguse akseleta kwa dakika mbili.

Bomba la kurudisha oili ya turbo literemke moja kwa moja hadi kwenye bloku, lisiwe na tumbo mahali popote. Likiwa na tumbo, oili inarudi nyuma, inapita kwenye sili, unaona moshi wa bluu na kuambiwa turbo mbovu.

Spana_Kumi_na_Saba
Na mkanda huo baada ya hapo?

DizeliTupu
Kwenye lami, kilometa 96,000 ndiyo ya kitabu. Kwenye vumbi letu, nusu yake. Na kumbuka odometa yako inapunja.

Waya_Mmoja
Jambo la karatasi, kabla uzi haujasahaulika. Namba ya injini na aina ya mafuta kwenye kadi ya gari vibadilishwe, TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya. Chukueni risiti ya injini yenye namba yake, na muipige picha namba iliyogongwa kwenye bloku kabla injini haijaingia. Ikishakaa na mabomba yote ya turbo, kuisoma inataka kioo na tochi.